Sala Katika Nyumba Isiyo na Dari

Nyumba ile haikuwa na dari. Kuta zake zilipanda kidogo tu kupita kichwa cha mtu mrefu, zikakomea hapo, na kutoka hapo mpaka kwenye mabati palikuwa wazi. Ukipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anakuombea afya. Wapangaji walijua nani anakoroma, nani amenuniana na mkewe, na nani amekaanga samaki halafu akajifanya hana mboga. Watu husema kuta zina masikio. Za pale hazikuyahitaji, maana maneno yalijipitia yenyewe kwa juu.

Humo, katika chumba cha kona, aliishi dobi mmoja na binti yake. Kila siku kabla hakujapambazuka, dobi huyo alipiga magoti kando ya kitanda akazungumza na Mungu kwa sauti. Msidhani ni sauti ya kunong'ona. Kanisa lake lilimfundisha kwamba sala ya kimyakimya ni usingizi tu, naye alikuwa mwanafunzi mzuri. Alianza na shukrani, akapita kwa wagonjwa, akapita kwa wafungwa na wajane, kisha akafika kwa binti yake, na hapo ndipo sauti ilipopanda. Mwashi wa chumba cha jirani, ambaye akichelewa kwenye ujenzi hukuta kibarua chake kimeshachukuliwa, hakuwa na haja ya saa. Akisikia wagonjwa aligeukia upande wa pili. Akisikia "binti yangu" aliamka akatafuta viatu. Ndiye aliyempa dobi jina la Mama Alfajiri, na jina likamganda.

Binti mwenyewe alilala ng'ambo ya pazia, akisikiliza. Alikuwa mwalimu wa chekechea katika shule ya kanisa hilo hilo, na kwa kuwa kila mtoto wa mtaa alimwita Mwalimu, mama yake naye alimwita hivyo, nusu kwa utani, nusu kwa kujivunia. Mshahara wake ndio uliolipa chumba. Mikono ya mama ilikuwa imeliwa na sabuni na dawa ya madoa. Vidole vilipasuka, na siku nyingine hakuweza kukamua hata shuka moja.

Mambo yalianza Jumapili moja. Mama alirudi kutoka ibadani akamkuta Mwalimu ameketi sakafuni, anakata duara na pembetatu za karatasi za rangi kwa ajili ya darasa lake.

"Kichwa tena?" mama aliuliza. Jumapili iliyopita kilikuwa kichwa, na ile ya kabla yake tumbo.

"Kichwa hakiumi, Mama." Mwalimu aliweka mkasi chini. "Nimechoka kukudanganya. Siendi kwa sababu siamini tena."

"Huamini nini?"

"Siamini kama kuna anayesikia."

Mama alikaa kitandani na kitambaa chake cha kichwa bado mkononi. Alitafuta mtu wa kumlaumu, maana mtu akiwa na wa kulaumu hupumua. "Nani amekuudhi? Ni Mchungaji? Au ni wale wa kwaya na maneno yao?"

"Hakuna aliyeniudhi. Ningeudhiwa ingekuwa rahisi. Imekwisha tu, kama chumvi kwenye kopo. Unatia mkono ukijua ipo, unakuta kopo tupu, na hata hukumbuki uliimaliza lini."

"Na watoto unaowaombesha asubuhi?"

"Wanafumba macho, nami nafumba. Wakimaliza tunahesabu mpaka kumi." Mwalimu aliinuka akakaa karibu na mama yake. "Sijamwambia mtu mwingine. Naomba libaki hapa."

"Mimi ni mama yako," mama alisema. "Nitamwambia nani?"

Na kweli, hakumwambia mtu. Hilo mlishike, kwa sababu baadaye yeye mwenyewe alilishika mpaka likamchoma.

Alfajiri iliyofuata aliruka shukrani. Aliwaruka hata wagonjwa. Alianzia moja kwa moja kwa binti yake, na alikuwa analia.

"Baba, huyu mtoto unamwona. Ameniambia kwa kinywa chake kwamba hakuna anayesikia. Anasema imani imemwishia kama chumvi kwenye kopo. Anasimama mbele ya watoto wako wadogo, anafumba macho, na ndani hamna kitu, Baba. Usimhesabie. Mrudishe. Kama ni mimi niliyekosea kumlea, niadhibu mimi."

Ng'ambo ya pazia Mwalimu alijifunika shuka mpaka kichwani. Nyumba nzima ilinyamaza, hata yule mkoromaji. Mwashi alisimama na kiatu kimoja mguuni, akatikisa kichwa, akavaa cha pili. Chumba cha nyuma, mwanakwaya mmoja, mama mwenye sauti ya kwanza na moyo laini, aliketi kitandani akaweka mkono kifuani.

Mwanakwaya yule hakuwa mtu mbaya. Hadithi ingenoga zaidi kama angekuwa mmbea, lakini hakuwa. Alisikitika kikwelikweli, akamwendea shemasi ili wamwombee Mwalimu. Shemasi akasikitika, akamwambia mkewe wamwombee. Akina mama wa maombi wakashikana mikono, wakasikitika kwa pamoja. Hakuna hata mmoja aliyemsengenya. Habari ilizunguka mtaa mzima ikiwa imepiga magoti, na ilipofika kwa Mama Mchungaji, ambaye ndiye msimamizi wa chekechea, ilikuwa imeshaombewa sana.

Mama alikuwa uani, ameinama juu ya beseni, analoweka majoho ya kwaya, alipoona viatu vya Mwalimu mbele yake. Jua lilikuwa bado halijafika katikati. Mwalimu alibeba boksi, na juu ya boksi zile duara na pembetatu.

"Shule imefungwa?"

"Imefungwa kwangu." Alitua boksi juu ya jiwe la kufulia. "Mama, ulimwambia nani?"

"Nini?"

"Unajua ninachosema. Mama Mchungaji ameniita watoto wakiwa kwenye foleni ya kunawa mikono. Ameniambia habari ya kopo la chumvi. Kopo, Mama. Neno kwa neno. Hilo nililisema chumbani mwetu, kwako peke yako."

"Sikumwambia mtu."

"Mama."

"Naapa sikumwambia mtu yeyote. Nilimwambia Mungu."

Mwalimu alimtazama. "Kwa sauti?"

"Mimi huomba kwa sauti. Unajua."

"Mungu wako ana wapangaji, Mama."

Mama alibaki ameshika joho linalodondosha maji. Kwanza hakuelewa. Kisha aliinua macho akaona mabati ya nyumba, na chini ya mabati ile nafasi iliyo wazi, ambayo kwa miaka yote aliyokaa pale aliihesabu kuwa ni ya kupitisha hewa. Alilirudisha joho ndani ya beseni.

"Nilikuwa nakuombea," alisema.

"Nilikuwa nasikia. Ulidhani nimelala? Tangu nikiwa msichana nasikia. Nikichelewa kurudi, huniulizi, unamwambia Mungu na mimi niko nyuma ya pazia. Nikimjibu mtu vibaya, naombewa. Nikikataa mchumba, naombewa mpaka mwashi ananipa pole. Ukiwa na neno na mimi unampa Yeye anifikishie." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomwumiza mama zaidi. "Hujawahi kuniuliza mimi."

Hapo mama alitakiwa kunyamaza, lakini aibu ikimbana mtu hutafuta mlango wowote. "Na wewe kama usingeiacha imani," alisema, "wangesikia nini?"

Alitaka kulirudisha neno lile, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mwalimu aliokota boksi lake akaingia ndani.

Jioni, mama alipokuwa bombani, mwashi alisimama nyuma yake na ndoo. Huyo hakuwa na kanisa lolote, na Jumapili zake alizijua mwenyewe.

"Pole, Mama Alfajiri," alisema. "Nimesikia ya Mwalimu."

"Hata wewe umesikia."

"Tulisikia sote, siku ile ile. Ila wengine tulijua hayakuwa yetu." Hakusema kwa kumchoma. Alimtwisha ndoo yake, akageuka kujaza ya kwake, na mama alitembea hadi chumbani akiwa hawezi kumtazama mtu.

Akaenda kwa Mama Mchungaji. Alivaa gauni lake la ibada ingawa ilikuwa siku ya kazi, akaficha mikono ndani ya kanga ili ile mipasuko isionekane. Msichana wa ofisini akamwambia asubiri darasani, watoto wameshaondoka. Mle darasani hapakuwa na kiti cha mtu mzima. Alikaa kwenye kile cha watoto, magoti yakamfika kifuani, na alipoingia Mama Mchungaji alishindwa kuinuka upesi kumwamkia. Ikabidi mwenzake abaki amesimama, na mazungumzo yote yakaenda hivyo, mmoja juu, mmoja chini.

"Usidhani tunamfukuza mtu," Mama Mchungaji alisema. "Tunawalinda watoto. Mzazi analeta mtoto hapa ajifunze kuomba. Nimwambie nini?"

"Mwanangu anawapenda hao watoto. Anawafunga kamba za viatu. Anajua nani analala mchana na nani hali asipobembelezwa."

"Najua. Nami nampenda. Ndiyo maana nasema mlango upo. Arudi kundini mbele ya kanisa, Jumapili, kama wanavyorudi wengine. Akitubu, atarudi darasani. Nakuahidi mimi mwenyewe." Aliinama, akaweka mkono begani kwa dobi. "Atahitaji mshika mkono."

Hii ilikuwa desturi ya kanisa lile. Aliyeanguka hakurudi peke yake. Alipiga magoti mbele, na kando yake akasimama mshirika mwenye sifa njema, akamshika mkono wa kulia. Baada ya maneno ya toba, Mchungaji hakumuuliza aliyetubu. Alimuuliza mshika mkono kama toba ile ni ya kweli, mbele za Mungu, na bila jibu lake hakuna aliyepokelewa. Wako watu waliokosa mshika mkono wakabaki nje ya kundi mpaka wakazikwa.

"Nani bora kuliko mama yake?" Mama Mchungaji alisema. "Tangu nikujue sijasikia uongo kinywani mwako."

Alipomfikishia Mwalimu maneno hayo, Mwalimu alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Kwa hiyo nipige magoti, niwadanganye."

"Usidanganye mtu. Magoti hutangulia, moyo hufuata. Nimeona watu wakienda pale wakiwa wamelazimishwa na waume zao, wakainuka wamebadilika. Utaguswa pale pale."

"Na nisipoguswa?"

"Utaguswa."

"Mama, nisikilize. Utakuwa umenishika mkono. Utaulizwa wewe, siyo mimi. Utasema nini?"

Mama hakuwa na wasiwasi wowote. Hilo ndilo lililokuwa la kutisha. "Nitasema nitakachokiona," alijibu.

Mwalimu aliitazama mikono ya mama yake. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa na damu. Mwenye nyumba alikuwa ameshapita mlangoni akiuliza, kwa upole wake wa kunuka, kama habari za shule ni za kweli.

"Sawa," alisema. "Kwa ajili ya chumba."

"Si kwa ajili ya chumba."

"Basi kwa ajili yako. Chagua lolote, jibu ni sawa tu."

Jumamosi mama alifua gauni jeupe la Mwalimu, akalitia buluu ya kung'arishia, akalipitisha kwenye wanga. Alipuliza makaa ya pasi mpaka yakaiva, akajaribu pasi kwanza kwenye kitambaa kikuukuu asije akaunguza, kisha akanyoosha kola, mikono, na kila pindo la mbele. Vidole viliuma, lakini hakusikia. Tangu binti yake aongee habari za kopo, ile ndiyo siku ya kwanza alipoimba akifanya kazi.

"Unapiga pasi kama ya harusi," Mwalimu alisema kutoka kitandani.

"Ni zaidi ya harusi."

Alikuwa na furaha. Tusimwonee kwa hilo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na matumaini yake pia ni yake peke yake.

Kanisa lilijaa. Habari zilikuwa zimeenea kwamba Mwalimu anarudi, na hata wale wa mahudhurio ya msimu walifika mapema kupata viti vya mbele. Watoto wa chekechea walikaa na wazazi wao. Mmoja alimpungia mkono, mama yake akaushusha.

Mwalimu alipiga magoti. Mama alisimama kuliani kwake, akamshika mkono, akafumba macho, akangoja.

Alijua mikono. Kazi yake yote ilikuwa mikono. Aliujua ule wa binti yake tangu ulipokuwa haujaweza kushika kijiko. Aliujua ukitetemeka kwa homa, ukilowa kwa woga siku ya mtihani, ukikaza kwa hasira. Akasema moyoni, sasa hivi. Mchungaji aliweka kiganja juu ya kichwa cha Mwalimu, kanisa likaanza kunguruma kwa sala, na mama akasema tena, sasa hivi, Baba. Mkono ulikuwa mkavu na umetulia, kama wa mtu anayengoja kuitwa dirishani alipe bili ya maji.

"Nimekosa mbele za Mungu na mbele ya kanisa lake," Mwalimu alianza. "Nilipotea, na sasa narudi."

Sauti ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno. Kila neno lilitoka safi, likifuatwa na kituo kidogo, na mama akafumbua macho, kwa sababu aliitambua. Ilikuwa ile ya darasani. Hivyo ndivyo alivyowasomea watoto maneno ya kukariri, akiwaachia nafasi wayarudie. Watu wazima nao walikuwa wanayarudia, wanalia, mwanakwaya wa chumba cha nyuma amejishika kichwa kwa shukrani.

Hakuna kilichotokea. Mama alijua hivyo, wala hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Mchungaji akamgeukia. "Mshika mkono. Unashuhudia mbele za Mungu kwamba huyu ametubu kwa moyo wake wote?"

Mama aliona mengi kwa wakati mmoja. Aliona Mama Mchungaji kiti cha mbele, mikono imefumbatwa. Aliona kiatu cha mtoto ambacho kamba zake zilikuwa zimelegea. Akamwona mwenye nyumba mlangoni. Halafu akatazama chini, akaona utosi wa binti yake na kola aliyoinyoosha mwenyewe. Akisema kweli, mwanawe anainuka pale hana kundi, hana kazi, na ni mama yake aliyemtoa mara ya pili kwa kinywa kile kile.

"Ninashuhudia," alisema.

Alisema kwa sauti, kama alivyozoea. Makofi yakapasuka, kwaya ikainuka. Mwalimu aligeuza uso akamtazama kutoka pale chini, na haukuwa uso wa shukrani. Alimtazama mama yake kama mtu anavyomtazama mzazi aliyeanguka barabarani mbele za watu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wasimame pale, akaushika mkono wa mama kwa nguvu mpaka vile vidonda vikafunguka.

Jumatatu Mwalimu alikwenda shuleni na boksi lake, na duara zake, na pembetatu zake. Darasani alimkuta msichana mwingine, mpwa wa shemasi, tayari ameshabandika picha zake ukutani.

"Toba yako tumeipokea kwa furaha," Mama Mchungaji alimwambia. "Lakini wazazi bado wana hofu. Wengine wameshasema watawahamisha watoto. Tukuangalie kwanza. Jikoni tunahitaji mtu wa kuosha vikombe."

Mwalimu aliporudi na habari hiyo, mama alidhani ataikataa. Hakuikataa. Alisema tu kwamba vikombe ni vikombe, akaliweka boksi chini ya kitanda.

Mama alishuhudia mwenyewe, siku alipopeleka vitambaa vya meza vya kanisa vilivyofuliwa. Alipita kando ya darasa wakati wa chai. Mwalimu alitokea na sinia la vikombe, na watoto wakamwona dirishani. Waliacha walichokuwa wakifanya wakamwita, Mwalimu, Mwalimu, mmoja akapanda juu ya kiti.

Yule msichana alipiga meza kwa rula. "Mwalimu ni mimi. Yule ni nani?"

Watoto wakanyamaza.

"Yule ni dada wa vikombe. Semeni."

"Dada wa vi-kom-be," watoto wakaitikia kwa pamoja, kwa sauti safi, na kituo kidogo baada ya kila silabi, kama walivyofundishwa. Mwalimu alibadilisha mkono wa kubebea sinia akaendelea na njia yake.

Mama alikwenda na vitambaa vyake mpaka ofisini. Safari hii hakukaa. "Uliniahidi," alisema.

Mama Mchungaji alivipokea vitambaa, akavihesabu kwa kidole, akaviweka kabatini. Alifunga kabati kabla ya kujibu, na alijibu kwa upole kabisa.

"Nilikuahidi akitubu. Wewe ndiye mshika mkono, mama yangu. Wewe ndiye ulikuwa pale karibu. Ukiniambia tena sasa, hapa, tuko wawili tu, kwamba ilikuwa kweli, kesho asubuhi yuko darasani."

Mama alifungua kinywa. Kile kinywa kilichowahi kuamsha nyumba nzima kilikaa wazi, na hakikutoa kitu.

"Basi," Mama Mchungaji alisema. "Tuendelee kumwombea."

Alfajiri iliyofuata, saa yake ilipofika, Mama Alfajiri aliamka kama siku zote. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka viwiko juu ya godoro, akainamisha kichwa. Akakaa hivyo. Ng'ambo ya pazia Mwalimu alingoja shukrani. Akangoja wagonjwa, wafungwa na wajane. Kule juu ya kuta nyumba nzima ilikuwa inapumua usingizini, na hakuna sauti iliyopita.

Pazia likafunguka. "Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona huombi?"

"Nianzie wapi?" Alikuwa ananong'ona, na hata yeye sauti ile ilimshangaza, kwani hakuwa ameizoea. "Nikimtajia jina lako ataniuliza, si ulishuhudia kwamba amerudi? Nikimwambia hukurudi, nimekubali kwamba nilisema uongo nyumbani kwake. Nikinyamaza kuhusu wewe, sina kingine cha kumwambia. Mimi nilikuwa na wewe tu."

Mwalimu alikaa sakafuni karibu naye, mgongo kwenye kitanda. Hakuwa na la kumfariji. Angeweza kumwambia kwamba hakuna anayesikia, hivyo hakuna wa kuuliza, lakini aliona kwamba hilo lingekuwa kumnyang'anya mtu kidogo kilichobaki.

"Nilikuharibia kazi," mama alisema. "Halafu nikakutia aibuni kwa nguo nyeupe. Na nilipokuwa naipiga pasi nilikuwa nafurahi." Alimsogelea mpaka midomo yake ikagusa sikio la binti yake, kwa sababu sasa alijua mabati yale yalivyo. "Nisamehe."

Tangu Mwalimu azaliwe, neno hilo mama yake alikuwa amelisema kila alfajiri, mara nyingi kwa machozi. Lakini halikuwahi kuelekezwa kwake.

"Nimesikia, Mama," alisema.

Hakusema amemsamehe. Mwalimu aliinuka, akawasha jiko, akabandika maji. Kisha alimletea mama yake kopo la mafuta ya mgando, akaupaka mkono wa kulia, kidole kwa kidole, polepole, akaufunga kitambaa safi. Jikoni shuleni walitaka mtu wa vikombe awahi kabla ya watoto, kwa hiyo alivaa akatoka.

Jua lilipogonga mabati, mlango ulibishwa. Alikuwa mwashi, shati halijafungwa vifungo, viatu mkononi.

"Mama Alfajiri, leo imekuwaje?" aliuliza. "Nyumba nzima tumelala mpaka sasa. Kibarua changu ndiyo basi."

Dobi alitazama nje. Nyuma ya mwashi vyumba vilikuwa vinafunguka kimoja kimoja. Mwanakwaya alitoka akitafuta saa, watu wanaulizana kwa sauti ni saa ngapi, na kila mmoja akawa anageuka kuutazama mlango wa kona.

"Nunueni saa," alisema, akafunga mlango.